Mabati ya mwaka 2012

Jumatano moja ya Oktoba 2023, mteja alirudi kwenye duka la vifaa vya ujenzi na mabati manane juu ya guta. Yalikuwa na mikwaruzo, akataka kubadilishiwa. Mtunza stoo akapokea karatasi ya kutolea mzigo, akaisoma, akamwangalia yule mteja, akaisoma tena.

"Kaka, haya mabati umenunua mwaka 2012."

"Nimenunua juzi."

"Karatasi inasema Januari 2012. Miaka kumi na moja hukuona mikwaruzo, umeiona leo?"

Mimi nilipigiwa simu ugomvi ukiwa bado haujaisha. Nilikuwa nausikia nyuma ya sauti ya mhasibu. Alichoniambia ni kwamba programu imeingia virusi, inameza ankara, na mauzo ya Jumapili, Jumatatu na Jumanne kwenye ripoti ni sifuri. Nikapanda bodaboda.

Kazi yangu ni kutunza seva za ofisi ndogondogo hapa Dar es Salaam: maduka ya jumla, zahanati, SACCOS mbili tatu. Ni seva za kawaida tu, boksi moja chini ya meza ya mhasibu, feni inalia, na juu yake kuna kikombe cha chai. Katika miaka yote hii nimeitiwa virusi, nimeitiwa wadukuzi, nimeitiwa "mtandao wa uchawi". Sehemu kubwa kuliko mnavyofikiri ya simu hizo ilikuwa saa. Saa ya kompyuta ilikuwa imepotea, basi, na hakuna aliyefikiria kuitazama.

Pale dukani niliiuliza seva tarehe kwa amri ya herufi nne, "date". Ikajibu kwa utulivu kabisa kwamba leo ni tarehe 4 Januari 2012.

Ndani ya kompyuta nyingi, kwenye ubao mama, kuna betri bapa ya mviringo ukubwa wa sarafu. Jina lake CR2032, na tarakimu hizo ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Kazi yake ni kuiweka hai saa ndogo wakati kompyuta imezimwa. Saa hiyo inaendeshwa na kipande cha fuwele ya kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Ukiigawa namba hiyo kwa mbili mara kumi na tano unabaki na moja, na hapo ndipo sekunde inapozaliwa. Kompyuta ikiwa kwenye umeme, betri haiguswi. Kwa hiyo inaweza kufa leo na usijue kwa miaka miwili, hadi siku umeme unapokatika na UPS, betri ya akiba ya nje, nayo imechoka. Umeme ukirudi, seva inaamka kama mtu aliyezimia: haikumbuki siku, inashika tarehe ya kwanza iliyoandikiwa kiwandani na kuendelea na kazi. Hii ya kwetu iliandikiwa 1 Januari 2012.

Lakini seva zina njia ya kuulizana saa kupitia intaneti, sasa kwa nini hii haikuuliza? Iliuliza. Programu iliyokuwa inafanya kazi hiyo ni ya zamani, na ina tabia moja ambayo mtu akisimuliwa anadhani anataniwa: ikikuta saa imepotea kwa zaidi ya sekunde 1,000, yaani kama dakika 17, inakataa kurekebisha. Inaandika mstari mmoja kwenye logi, yaani daftari la matukio la seva, na kujizima. Hoja ya walioitengeneza ni kwamba kosa dogo ni kosa la saa, ila kosa kubwa hivyo huenda ni la anayekuambia saa, kwa hiyo binadamu aje aangalie. Ni hoja nzuri kama kuna binadamu anayesoma logi. Kuna herufi moja ya kuongeza kwenye mipangilio ili iruhusu ruko kubwa la mara ya kwanza. Aliyeiweka seva ile hakuiongeza. Aliyeiweka ni mimi.

Halafu kuna kengele. Seva ile nilikuwa nimeipa utaratibu wa kunitumia barua pepe likitokea jambo baya. Barua pepe siku hizi inapita kwenye njia iliyofungwa, na njia iliyofungwa inategemea cheti cha usalama, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Cheti cha mwaka 2023 ukikionyesha kwa kompyuta iliyoko mwaka 2012, inakwambia hakijaanza kutumika, na kuufunga mlango. Kwa hiyo kengele ya kuniambia saa imeharibika ilikuwa inahitaji saa iliyo sahihi ili ilie. Bakapu, yaani nakala za akiba, za kila usiku zinazopelekwa nje ya ofisi zilikwama kwenye mlango huohuo. Duka lenyewe halikuhisi lolote kwa sababu programu ya mauzo inazunguka ndani ya ofisi bila intaneti. Makeshia waliona kitu kimoja tu cha ajabu: ankara wanayoiandika sasa hivi haionekani juu ya orodha. Orodha ilikuwa inapangwa kwa tarehe, na ankara za 2012 zilikuwa zinakwenda kujificha ukurasa wa mwisho, nyuma ya miaka yote. Hiyo ndiyo "kumeza".

Sasa nije kwenye makosa yangu, maana ya kiwanda nimeshayasema.

Nilipoona 2012 nilifanya ambacho vidole vimezoea: nikaandika tarehe sahihi kwa mkono, nikabonyeza, saa ikakaa sawa. Ilinichukua sekunde kumi. Kumbe nimefuta ushahidi. Saa ile haikuwa imesimama. Ilikuwa inatembea vizuri, ila imeanzia mahali pasipo pake. Maana yake kila ankara ya siku zile ilikuwa imekosea kwa kiasi kilekile, na kama ningesoma saa ya seva na saa ya simu yangu kwa pamoja kabla ya kugusa kitu, ningekipata kiasi hicho papo hapo. Hata ile amri ya kuiambia seva iulize saa mtandaoni ingenichapia tofauti yenyewe kwa sekunde. Nilishindwa kusubiri.

Ikabidi nitafute tatizo lilianza lini. Nikamwuliza Mzee, mwenye duka.

"Shikamoo Mzee. Umeme ulikatika lini?"

"Marahaba. Usiku wa Jumapili, saa tatu."

Nikafungua logi nikitafuta Jumapili usiku. Hakuna mstari. Jumatatu hakuna. Jumanne hakuna. Ukiona logi zimekatika ghafla namna hiyo, wazo la kwanza ni kwamba kuna mtu kaingia na kufuta nyayo zake, na nakiri jasho lilinitoka. Nusu saa nzima nilikuwa natafuta mdukuzi. Kisha nikarudi nyuma siku moja na kuikuta mistari miwili imefuatana hivi:

2023-10-21T18:04:12
2012-01-01T00:00:41

Tarehe 21 Oktoba ilikuwa Jumamosi. Nikamwambia Mzee umeme ulikatika Jumamosi.

"Nimekwambia usiku wa Jumapili."

"Usiku wa kuamkia Jumapili?"

"Usiku wa Jumapili ndio huohuo. Jumapili inaingia na magharibi. Wewe ulitaka iingie saa ngapi?"

Mzee ni mtu wa Pangani, na kwake siku inaanza jua linapozama, kama ilivyokuwa kwa babu zetu wote wa pwani na kama ilivyo mpaka leo kwa usiku wa Ijumaa msikitini. Mimi nimelelewa na redio na ofisi, siku yangu inaanza saa sita usiku. Tulikuwa tunataja jina moja kwa usiku mbili tofauti.

Na saa yenyewe? Aliposema saa tatu usiku, saa ya ukutani pale ofisini, ile ya tarakimu, ingekuwa imeandika 21:00. Logi iliandika 18, kwa sababu seva zangu zote naziweka kwenye saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Tatu, ishirini na moja, kumi na nane: dakika moja ileile. Kila siku kichwa changu kinafanya kazi ya kutafsiri kati ya namba hizo, na ukinikuta nimechoka utanishika. Sheria ninayoitumia, kuanzia saa ya ukutani: toa sita upate ya Mzee (ikibaki zaidi ya kumi na mbili, toa kumi na mbili tena), toa tatu upate ya seva. Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwangu naanza nao hapo, kabla sijawaonyesha hata waya.

Mzee ana saa ya mkono ya mishale aliyoitegesha Kiswahili. Ikiwa saa tatu, mshale uko kwenye tatu, hakuna cha tisa wala kutoa sita. Siku ile nikiwa nasubiri seva iwake upya nilipiga hesabu na kugundua kwamba saa yake iko nyuma ya UTC kwa saa tatu kamili, ambayo ndiyo saa ya Buenos Aires. Nikamwambia Mzee, mkono wako uko Argentina. Akaitazama saa, akasema wao ndio waliomwiga.

Wenzangu huniuliza kwa nini nisiweke seva kwenye saa ya Afrika Mashariki yakaisha. Kwa duka moja, sawa. Lakini ninaye mteja mwenye malori ya Dar kwenda Lubumbashi, na Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja, sawa na Bujumbura na Kigali. Tukipanga kikao cha simu "saa nne" na wakala wa Bujumbura, tukasema sote Kiswahili kizuri kabisa, mmoja anasubiri saa nzima. Na huko Ulaya wanasogeza saa zao mbele Machi na kuzirudisha Oktoba, jambo ambalo sisi huku karibu na ikweta hatuna haja nalo, kwa hiyo tunalisahau kila mwaka na kila mwaka kuna ripoti inafika kwa mkubwa wa London imechelewa. Seva zote zikiandika UTC, angalau ugomvi unabaki kwa watu.

Turudi dukani. Nilihitaji kujua saa ya seva ilikosea kwa kiasi gani hasa, na kilichoniokoa ni mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Kila keshia anaandika mauzo kwenye programu yetu kwanza, kisha anayapiga kwenye mashine ya EFD, na mashine ile ina saa yake mwenyewe ambayo haikuguswa na lolote. Mhasibu akanitolea nakala za risiti, nikachukua ishirini, nikaziweka mezani pembeni ya ankara zake. Mauzo ya yule bwana wa mabati: ankara, ambayo programu inaiandika kwa saa yetu ya Afrika Mashariki, inasema 2 Januari 2012, 15:49:20, risiti inasema 23 Oktoba 2023, 12:00:50. Nikafanya hivyo kwa zote. Tofauti zilicheza, nyingine nusu dakika, nyingine dakika tatu, kutegemea foleni na kama keshia alikuwa anatafuta chenji. Lakini mashine daima inakuja baada ya programu, haiwezi kuitangulia. Kwa hiyo tofauti ndogo kuliko zote ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Nikapata siku 4,311, saa 20 na dakika 11, ambayo ni sekunde 372,543,060. Amri moja ya kuziongeza kwenye kila ankara ya 2012, na mauzo yakarudi mahali pake. Mhasibu akajumlisha Jumapili, Jumatatu, Jumanne, akalinganisha na fedha ya kwenye sefu. Ikakaa.

Kwa hesabu hiyohiyo niliweza kumwambia Mzee kwamba umeme ulirudi saa tano na dakika kumi na moja usiku. Akafikiri, akasema ndiyo, mpira ulikuwa umeshaisha.

Kosa langu la pili lilikuja kulia usiku ule nikiwa nimelala. Kila saa nane usiku seva inatengeneza bakapu, kisha inafuta bakapu zote zenye umri wa zaidi ya siku 30. Zile tatu zilizotengenezwa wakati wa kupotea zilikuwa na tarehe ya Januari 2012. Saa iliporudi kwenye 2023, zikawa mafaili yenye umri wa miaka kumi na moja, na kifagio kikazikomba bila huruma. Za nje, nimeshasema, hazikuwa zimekwenda. Kwa hiyo kuanzia Jumapili mpaka ile saa nane usiku, kazi yote ya duka ilikuwa imekaa kwenye diski moja bila nakala salama, na mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani nikijisifu. Hakikuharibika kitu. Ilikuwa bahati, na sipendi kulipwa kwa bahati. Siku hizi kifagio changu hakiangalii umri, kinahesabu. Kinabakiza bakapu 30 za mwisho kwa namba ya mfuatano, hata kama zinadai ni za enzi za Mjerumani.

Baada ya kisa hicho nilianza kuona saa kila mahali, kama mtu aliyenunua gari la rangi fulani. Dada mmoja wa idara ya fedha alinisumbua wiki mbili na zile namba sita za kuingilia, zinazobadilika kwenye simu kila sekunde 30. Zinakataa. Tukafuta programu, tukaiweka upya, zikakataa. Namba zile hazitumwi kutoka popote. Simu na seva zina siri moja, na kila upande unaipika siri hiyo pamoja na saa ya wakati huo ili kupata namba. Saa zikitofautiana, namba zinatofautiana. Siku moja tumekaa naye nikaona simu yake iko mbele kwa dakika kumi. "Naisogeza makusudi," akaniambia, "ili nisichelewe kazini." Mwingine alikwenda Bujumbura na, badala ya kubadilisha eneo kwenye simu, akarudisha saa nyuma kwa mkono. Saa inayoonekana kwenye kioo ikawa sahihi, ila ndani simu ikaamini imerudi saa nzima nyuma, maana ndani haihesabu kwa maeneo, inahesabu sekunde za dunia. Na binti yangu alipeleka simu ya mama yake mbele siku mbili ili apewe "maisha" kwenye mchezo, WhatsApp ikagoma, nyumba nzima ikawa inamlaumu mwenye bando.

Kuhesabu sekunde za dunia maana yake hivi: seva nyingi hazijui tarehe, zinajua idadi ya sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970 ilipoanza kwa UTC. Ndiyo maana ukiona faili au ujumbe wenye tarehe ya 1 Januari 1970, saa 03:00, usihangaike kuutafuta mwaka huo. Hiyo ni sifuri. Mtu hakujaza tarehe, kompyuta ikasoma sifuri, ikaiongezea saa zetu tatu za Afrika Mashariki. Mtu wa Accra akilifungua faili hilohilo ataona 00:00.

Njia ya seva kuulizana saa inaitwa NTP, na aliyeibuni ni Mmarekani David Mills, profesa wa Chuo Kikuu cha Delaware. Maelezo ya kwanza rasmi yalitoka mwaka 1985. Alizaliwa na tatizo la macho, na uzeeni akawa haoni kabisa, lakini aliendelea na kazi. Alifariki Januari 2024. Kinachonifurahisha kwenye ubunifu wake ni unyenyekevu wake. Seva inauliza, inapima jibu limechukua muda gani kwenda na kurudi, inagawa kwa mbili, kisha haiamini jibu la mmoja, inauliza na wengine. Na ikijua imekosea kidogo hairuki; inaivuta saa taratibu, sekunde zinakuwa fupi au ndefu kwa chembe, mpaka ikae sawa bila dakika yoyote kurudiwa wala kurukwa. Tulipokuwa bado kwenye setilaiti, kabla waya wa intaneti wa SEACOM, unaopita chini ya bahari, haujafika pwani yetu mwaka 2009, jibu lilikuwa linachukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, na bado saa zilikuwa zinakaa.

Hata wenye saa nzuri hawasalimiki. Mwaka 2012, huohuo wa mabati, wataalamu wa dunia waliongeza sekunde moja kwenye saa za dunia, kwa sababu mzunguko wa dunia yetu hauko sawasawa na saa za atomiki. Kwetu iliingia saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili, 1 Julai. Kiini cha Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, kilikuwa na hitilafu ndogo ya kuipokea sekunde hiyo, na seva nyingi duniani, hasa zenye programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java, zikaanza kuzunguka bila kazi hadi vichakataji vikachemka. Tovuti ya Reddit ilikuwa miongoni mwa zilizoanguka. Wakati huo nilikuwa kijana wa zamu. Chumba cha seva kilikuwa kinavuma kama mashine ya kusaga. Dawa iliyokuja kujulikana asubuhi ilikuwa kuiambia seva saa ambayo tayari inaijua: soma saa yako, ujipangie hiyohiyo. Unabonyeza, feni zinashuka, kimya. Mpaka leo sijapata dawa ya kompyuta inayofanana zaidi na mganga. Sekunde ya mwisho ya namna hiyo iliongezwa mwishoni mwa 2016, na mwaka 2022 wakuu wa vipimo walikubaliana kuachana na utaratibu huo ifikapo 2035.

Ila kuna inayokuja. Hesabu ya sekunde tangu 1970 kwenye programu za zamani imewekewa nafasi ya kubeba mpaka 2,147,483,647 tu. Namba hiyo itafika Jumanne, 19 Januari 2038, kwetu ikiwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Wengi wakisikia 2038 wanacheka, ni mbali. Mimi nimeshakutana nayo. SACCOS moja ninayoihudumia ilimpa mwalimu mmoja mkopo wa nyumba wa miaka 15, Februari 2023. Programu ikapanga marejesho 180, na lililoangukia baada ya Januari 2038 likawa na tarehe 0000-00-00, kwa sababu aliyeijenga alichagua kuhifadhi tarehe kwa aina isiyovuka siku hiyo. Usiku, programu ikapita kukagua madeni. Ikakuta rejesho lililopaswa kulipwa mwaka sifuri. Mwalimu akaamka na ujumbe wa simu kwamba amechelewesha mkopo ambao fedha zake alizipokea juzi.

Alikuja ofisini mwenyewe, ujumbe mkononi, hakugomba hata kidogo. Alitaka tu kujua amechelewa kwa siku ngapi. Tuliibadilisha aina ya tarehe alasiri ileile, kazi ya dakika tano, kisha siku tatu za kuchungulia mikopo mingine yote mirefu mmoja mmoja.

Kwa wateja wote sasa, nikiingia ofisini, kabla ya kuuliza tatizo ni nini, naangalia saa ya seva na saa ya simu yangu, naandika zote mbili kwenye daftari, ndipo naketi. Kila boksi lina kipande cha plasta chenye mwezi na mwaka wa kubadili betri. Ile ya dukani niliinunua Kariakoo kwa shilingi 2,000. Mzee aliishika kati ya vidole viwili, akaigeuza.

"Hii ndiyo iliyotupeleka 2012?"

"Hiyo mpya, Mzee. Iliyotupeleka ni ile."

Akaweka ya zamani mfukoni. Yule bwana alibadilishiwa mabati yake, na ile karatasi yake ya kutolea mzigo bado imebandikwa stoo, ukutani juu ya mizani.